Saa Zenye Kidirisha cha Tarehe

Mambo yote yalinigharimu shilingi mia nne sitini na tano. Saa mpya sita kwa shilingi sabini na tano kila moja, hiyo ni mia nne na hamsini. Gari la kushuka Mombo na kupanda tena, nne. Treni ya Tanga daraja la tatu, kwenda na kurudi, nane. Chakula na kitanda, tatu. Kitanda kilikuwa na kunguni, nao sikuwatia katika hesabu kwa kuwa sikutozwa.

Katika fedha hizo, mia tatu zilikuwa zangu. Mia moja sitini na tano zilikuwa za mama mkwe. Alikuwa mjane, anakaa ng'ambo ya bonde katika nyumba ya nyasi iliyovuja kila pembe, na alikuwa ameuza ng'ombe ili anunue mabati. Mke wangu ndiye aliyemshawishi anikopeshe kwanza. Kwetu mkwe hakai uso kwa uso na mume wa binti yake, basi masharti niliyapokea nimesimama uani, yeye yuko ndani, mke wangu mlangoni.

"Mwambie mumeo," ilisema sauti, "fedha irudi kabla ya masika. Mvua ikinikuta chini ya nyasi hizi, nahamia kwake."

"Umesikia?" mke wangu akaniuliza.

Nilisikia. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza saa, na meza yangu ilikaa kwenye baraza la duka moja hapo Lushoto. Kila mwaka, vuli ikimalizika, nilishuka Tanga kwa mwenye duka la jumla kuona saa mpya zilizoingia. Mwaka ule alifungua droo taratibu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Saa za mkononi, mashine mpya, mawe kumi na saba ndani ya kuzuia vyuma visilike, na pembeni mwa uso kidirisha kidogo chenye namba. Tarehe. Ikifika siku mpya, namba inajibadilisha yenyewe.

Alitaka themanini na tano. Nikamwuliza kama hiyo ni bei ya saa au ya duka. Nilikwenda hadi mlangoni mara mbili; mara ya kwanza aliniacha niende, mara ya pili aliniita. Tukakubaliana sabini na tano, kwa sharti nichukue sita. Nilizihesabu kwake, nikazihesabu tena kwenye treni.

Wiki tatu za kwanza sikuuza hata moja. Watu walizishika, wakazitia sikioni, wakazirudisha.

"Tarehe ya nini, fundi?" akaniuliza dereva mmoja wa lori. "Mimi mshahara ukiisha najua ni tarehe ngapi."

Nikaona meza haitanisaidia. Nikazifunga saa kwenye kitambaa, nikawa nazifuata siku za gulio kwa miguu, leo kijiji hiki, kesho kile. Gare ndiko nilikouza ya kwanza, kwa mwalimu wa dini wa misheni, mtu mzima mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alilipa shilingi mia. Niliiweka saa sawa mbele yake, akaifunga mkononi.

Jumatatu yake alikuwa kwenye meza yangu kabla sijafungua kopo la mafuta ya saa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nirudishie mia yangu. Saa yako ina haraka. Jumamosi, jua halijapotea vizuri, ng'ombe wako njiani, imeniandikia tarehe ya Jumapili. Nimekwenda kanisani jioni hiyo hiyo kupiga kengele ya misa."

"Na watu walikuja?"

"Alikuja padre."

Niliichukua, nikaitazama kwa lenzi, na mle ndani mashine ilikuwa haina kosa. Kosa lilikuwa letu sisi wa huku. Waliozitengeneza wanahesabu saa zao kuanzia usiku wa manane, na mashine hubadilisha tarehe kila mshale mdogo unapopita juu, kwenye kumi na mbili, mara ya pili. Sisi kumi na mbili yetu ni alfajiri na magharibi. Nilipoweka saa za watu kwa hesabu ya Kiswahili, tarehe nayo ikahama: ama ibadilike jua likitoka, ama jua likizama. Sikuwa nimefikiria ni ipi. Nilikuwa nimezungusha tu.

Mwalimu bado alikuwa amenyoosha mkono. Mia ile nilishaipeleka kwa mke wangu aitunze kwa ajili ya mabati, na mawingu ya masika yalikwishaanza kujikusanya upande wa bonde.

Mzee mmoja muuza kabichi, aliyekuwa amekaa barazani akingoja lori lake, akaweka kikombe chini.

"Hebu niione saa hiyo yenye haraka." Akaitazama. "Mwalimu, hii haina haraka. Hii imesilimu. Usiku unatangulia mchana. Usiku wa Ijumaa si ni ule wa Alhamisi jua likizama? Tarehe ya serikali, adabu ya msikiti. Fundi, nyingine kama hii ni kiasi gani?"

"Mia na kumi."

"Mwalimu umemfanyia mia."

"Mwalimu hakuja na sifa hizo zote. Mia na tano."

Wakati anahesabu noti, mimi nilishaizungusha mishale ya saa ya mwalimu duru moja nzima, saa kumi na mbili mbele, tarehe nikairudisha mahali pake. Nikamwambia mwalimu: tangu leo itabadilika alfajiri. Aliondoka nayo, mia yake ikimkaa rohoni siku mbili, kisha akapita kuninong'oneza kuwa sasa inakwenda kikristo. Sikumtoza kitu kwa kuizungusha, na mpaka leo najua ni senti hamsini nilizoacha.

Tangu siku hiyo sikuuza saa bila kuuliza kwanza, "Siku yako inaanza lini?" Watu walicheka, halafu walifikiri, halafu walitoa fedha. Karani wa shamba la mkonge kule Mazinde alisema siku yake inaanza usiku wa manane, kama ya bwana wake; sikubishana naye, nikamwekea hivyo, akalipa mia na kumi. Ndugu wawili wa Mlalo, mmoja kabatizwa na mwingine hapana, walichukua mbili kwa tisini na tano kila moja baada ya kunibana asubuhi nzima. Moja nikaiweka ya alfajiri, moja ya magharibi. Nyumba yao ikawa na tarehe mbili kutoka jioni mpaka kunapokucha, na wote wawili sahihi.

Saa tano zikaleta mia tano na tano. Nikatoa mia moja sitini na tano, nikazihesabu, mke wangu akazihesabu, tukavuka bonde kabla tone la kwanza halijaanguka. Nilisimama pale pale uani. Ndani nikasikia zinahesabiwa tena.

"Mwambie mumeo imetimia," ilisema sauti. "Sasa aniletee ile iliyobaki niitazame."

Ile iliyobaki ilikuwa sehemu kubwa ya faida yangu. Nikampa mke wangu, akaiingiza.

"Mwambie kwangu ukungu ukishuka sioni jua linazama, na adhana haivuki bonde. Mwaka jana nimefungua Ramadhani nzima kwa kukisia. Hii ikibadilisha namba magharibi, namba sizijui, lakini kubadilika nakuona."

Aliyosema yalikuwa ya akili, na hilo ndilo lililoniuma. Niliichelewesha kidogo, ili namba ikae katikati ya kidirisha jua likiwa limezama kwa hakika, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Mabati yalipigwa wiki hiyo. Alikula futari zake kwa saa hiyo mwaka ule, na mwaka uliofuata, na kila Shaabani mke wangu huniletea niioshe, niitie mafuta na kuirekebisha, bure. Nyumba yake haivuji. Fedha yake alirudishiwa yote. Lakini saa ile ni ya mia na kumi, nimeipigia hesabu mara mbili, na sijalifuta deni hilo wala sina nia ya kulifuta. Nimefikiria kumtuma mke wangu, anasema hajasikia. Basi namwomba yeyote mwenye mkwe wa namna hii aniambie: mtu uliyekatazwa kumtazama usoni, na anayefungua saumu kwa mali yako, unamdaije?