Mwalimu Ambele Aliulizia Mlango

Usiku ule kilichotangulia ni sauti: feni ya kompyuta ya Mwalimu Ambele, inakwaruza kama mtu anayeparua magamba ya samaki. Hata sasa naisikia vizuri. Nikajiuliza, nani kaiwasha, na Mama Tusa hajaigusa tangu Jumatano?

Niseme kwanza. Mwalimu Ambele ndiye aliyenifundisha kompyuta, mimi niliyeishia darasa la saba, ananicheka na kunirudia mpaka nikajua. Alifariki masika yaliyopita. Kompyuta yake, inayotumia mfumo wa Linux, alimwachia mkewe, Mama Tusa, ambaye macho yake yana ukungu, na ndiye anayeichapia kwaya yetu nota za nyimbo. Jumatano nilienda kumfurahisha, jamani. Nikaondoa lile giza la skrini lenye maandishi makubwa ya njano, nikaweka picha ya alizeti, maandishi membamba, na vitufe vinavyojificha chini mpaka uviguse. Nikakuta na mafaili yaliyofichwa, majina yake yanaanza na nukta. Nikadhani takataka, nikafuta yote. Mama Tusa alikaa mbele ya skrini, akapapasapapasa na mausi, akasema, "Imependeza, mwanangu." Akazima. Na kwaya ilikuwa inamsubiri yeye kwa wimbo wa Jumapili.

Basi kwenye ndoto niko sebuleni kwao. Mwalimu amekaa, sweta lake lile la kijivu, miguu imelowa.

"Shikamoo, Mwalimu!" Nilifurahi kweli, hata nikasahau kwamba tulimzika.

"Marahaba, Neema. Mlango uko wapi?"

"Si huo nyuma yako? Mwalimu nawe! Umeanza kusahau nyumba yako?"

Hakucheka. Nanyoosha mkono nimwonyeshe, mlango haupo. Ukuta mzima ni alizeti. Na tayari hatuko sebuleni, tuko kanisani, kwaya imesimama, midomo wazi, haitoki sauti. Karatasi walizoshika zina maandishi madogo kama sisimizi, nayo yanatembea, yanashuka mikononi mwao. Nayafukuzia, nayaokota, yananiponyoka. Nje ya ukuta kiganja cha mtu kinapapasa, taratibu, kutoka kona hadi kona. Najua ni Mama Tusa. Namwita. Anajibu kwa ile sauti yake ya upole, "Imependeza, mwanangu," na anaendelea kupapasa.

"Umeipamba nyumba," Mwalimu anasema, "mwenye nyumba umemfungia nje."

"Yale ya nukta nilidhani takataka, Mwalimu. Nisamehe."

"Wiki tatu nilikaa naye. Nakuza herufi, namuuliza. Nahamisha kitufe, namuuliza. Majibu yake yote niliyaandika mle, kwenye mafaili ya nukta."

"Sasa niweke saizi gani? Nitajie namba tu, naandika!" Natafuta kalamu, natafuta, mifuko yangu imejaa sisimizi.

Anainuka. Ananigusa kope kwa kidole cha baridi.

"Macho haya ni yako, Neema. Yake je?"

Nikaamka nje kumekucha, bado najipangusa sisimizi mikononi. Sikunywa hata chai. Nikaenda kwao. Mama Tusa alikuwa ameshatoka kwenda shambani, ufunguo huwa anauacha chini ya ndoo. Nikafungua, nikawasha. Nikaitoa ile alizeti, nikarudisha giza na njano, vitufe nikavipanga juu, visijifiche tena. Nikafungua na ule wimbo wa Jumapili aliouachia njiani. Saizi ya herufi ndiyo sikuijua. Yule aliyejua kipimo hayupo, na alichokiandika nilikifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

Mwishowe nikavua mtandio, nikaukunja mara mbili, nikajifunga machoni nione kama anavyoona yeye. Chumba chote kikawa kama maziwa. Nikasogea kwenye skrini, peke yangu, nikaanza kukuza herufi, hatua moja moja, mpaka mstari wa kwanza wa wimbo ukanifikia nikausoma.