Kamba ya Sita

Saa tatu asubuhi, kamba tano zimekwisha kuchomekwa kwenye ubao wa simu wa Itandamo, na taa ya sita inawaka: kuna mwingine anayeomba simu. Tupokigwe Anyitike anaitazama. Haigusi.

Dirishani mnunuzi wa mpunga anagonga mbao kwa pete yake. "We dada, umelala? Nataka Mbeya!"

"Ngoja mmoja amalize, kaka. Nikikuunganisha sasa, wote mtaongea na ukuta."

"Opereta gani huyu anaogopa kamba!" Anageuka nyuma ili wenzake wacheke naye. Hakuna anayecheka. Watu wa mji huu mdogo, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Iringa, wanajua kamba ya sita ilimponza nani.

Tupokigwe ana miaka ishirini na minne, ni Mnyakyusa aliyeishia darasa la saba. Huu ni mwaka wake wa nne kwenye kiti hiki, kwa mshahara wa shilingi 380 kwa mwezi, nusu yake ikienda kwa mama yake Tukuyu. Ubao ni wa mkono: mtu anaomba, yeye anachomeka kamba, anaita. Nguvu yote inatoka kwenye betri za chumba cha nyuma.

"Betri ni kama punda," anasema. "Halalamiki. Unamwongezea mzigo anatembea, unamwongezea anatembea. Siku anasimama, hata umpige, hasikii."

Siku hiyo ilikuwa Julai mwaka jana, 1976. Mpunga ulikuwa unavunwa na simu zilikuwa zinamiminika. Ghafla Iringa ikanyamaza. "Iringa! Iringa, unanipata?" Kimya. Mchana ikarudi yenyewe. Kesho yake ikanyamaza tena.

Mkuu wa kituo wakati huo, Ndugu Kasian, hakujisumbua kutafuta. Waya wa shaba ulikuwa umewahi kuibwa kule bondeni, watu wakaufua bangili. "Ni hao wafugaji," alisema. Wasukuma walikuwa wamehamia bonde hilo la Usangu na ng'ombe wao, na mikono yao inang'aa shaba. Wiki ile ile akakamatwa Limbu Nkuba, akichunga karibu na nguzo, bangili nne mkononi. Alisema ni za babu yake. Nani amsikilize?

Mke wa Limbu, Regina, akawa anashinda kwenye ngazi ya kituo cha simu, kwa kuwa aliambiwa amri ya kumwachia mumewe itakuja kwa simu.

"Mdogo wangu, wamepiga?"

"Bado, dada."

Maneno hayohayo, kila siku.

"Waya uliokatwa haujiungi wenyewe saa nane mchana," anasema Tupokigwe. "Hilo lilinikaa kooni." Akachukua daftari. Kila Iringa iliponyamaza, aliandika saa, na kamba ngapi zilikuwa ubaoni. Siku kumi na moja aliandika. Kila mara zilikuwa sita au zaidi.

Jumatatu iliyofuata alichomoa zote. Dirishani yakaporomoka matusi. Akabakiza Iringa peke yake, na opereta wa huko, Lea, akaitika papo hapo: "Ehe! Leo unasikika kama uko jikoni kwangu!"

"Usinyamaze, Lea. Sema chochote."

Lea akasimulia bei ya viazi. Tupokigwe akarudisha kamba moja moja. Ya tano, sauti ikawa nyembamba. Ya sita, ikazimika. Alipochomoa moja, viazi vikarudi. Alifanya hivyo mara tatu, Kasian kasimama nyuma yake.

Kisha akaingia chumba cha nyuma, akafunua betri. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Aliujua ukoko ule. Ndio unaobaki kwenye sufuria, ukichemsha maji ya kisima cha bondeni.

Maji ya betri, yale yaliyosafishwa, hayakuwa yameletwa tangu Februari. Yakikosekana, desturi ya kituo ilikuwa kukinga mvua kutoka paa la bati, maji yasiyo na chumvi, nayo mvua ikaisha Mei. "Nikachota kisimani," anasema. "Ndoo nne. Kwa mikono hii."

Kasian alishusha sauti. "Nyamaza, binti. Betri zitabadilishwa, yaishe."

"Na yule mwenye bangili?"

"Huyo ni ndugu yako?"

Tupokigwe alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akalipeleka daftari polisi. "Hizo siku mbili," anasema, akitazama viganja vyake, "sijajisamehe."

Limbu alitoka baada ya siku ishirini na sita, vidole viwili havikunjiki. Regina peke yake hakuweza kulifikisha kundi lote majini: kati ya ng'ombe thelathini na mmoja, walikufa kumi na tisa. Kasian alihamishwa. Tupokigwe alipewa barua ya onyo. Betri mpya hazijaja hadi leo. Ndiyo maana kamba ni tano tu.

Tupokigwe alikwenda kwao Limbu kuomba radhi, na mkungu wa ndizi. Regina alimpa kigoda, akapokea ndizi.

"Mvua ikinyesha, mdogo wangu, wewe utajaza betri zako. Mimi zizi nitalijaza na nini?"

Sasa ni Novemba. Chini ya paa la kituo yamepangwa mapipa matatu, aliyanunua mwenyewe, yamesuguliwa na kufunikwa kitambaa safi. Mawingu yanakuja na kupita.

Kuna jambo moja zaidi analotaka. Bangili za Limbu hazikurudishwa. Zimebaki kwenye stoo ya vielelezo ya polisi, mjini. Kila Jumatatu, ubao ukitulia, anapiga huko. Simu inalia tu.

Mmoja wa wale watano anamaliza, taa yake inazimika. Anamwita mnunuzi wa mpunga, anamuunganisha, anafuta kamba kwa kanga.

"Jumatatu napiga tena," anasema. "Kazi niliyosomea ni hii: kuita mpaka mtu aitike."