Radhi Mbele ya Hema

Kijijini kwetu, kando ya barabara iendayo Horohoro, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuvuka bahari na kurudi na stashahada. Sikusomeshwa na mjomba wala na padri. Nilianza kwa kupima mizigo ya katani shambani Muheza, jioni nikisoma kwa kibatari, na nilipotua tena Tanga miaka ile ya hamsini nilikuwa mpima ardhi mwenye meza yake ofisini. Nalisema bila haya, maana nililitolea jasho.

Nilirudi na hema pia. Huko Uingereza wenzangu wa chuoni walikuwa wakilala porini siku za mapumziko kwa kujifurahisha tu, nami nikaupenda mchezo huo. Basi ofisi ilipofungwa kwa Pasaka, nilimchukua mke wangu, mzaliwa wa Nguvumali, mjini Tanga, tukaenda kupiga kambi pwani ya kwetu. Fukwe zilikuwa nyingi. Nilichagua minazi iliyo mbele ya nyumba ya mama, ili watu waone.

Mama alikuwa ametuandalia chumba. Alishona godoro jipya la sufi, akatandika shuka nyeupe, akafukiza udi.

"Shikamoo mama. Sisi tutalala hemani."

"Marahaba. Hemani wapi?"

"Pale nje."

Alivitazama vigingi, akanitazama mimi. "Haya, mwanangu," akasema, akaenda kuufunga mlango wa chumba ili udi usitoke.

Miaka ya ugenini ilinisahaulisha jambo ambalo kila mtu wa pale analijua: mtu mzima akilala nje na mamake ana nyumba, basi mama huyo amemnyima radhi. Hakuna sababu nyingine.

Asubuhi, nikiwa nimevaa kaptura na kikombe cha chai mkononi, niliona majirani wanakuja, mbele yao yule bibi mkunga aliyenipokea nilipozaliwa. Walipita pembeni ya hema bila kunisalimu, wakaenda moja kwa moja barazani kwa mama.

"Dada, tumekuja kumwombea," akasema yule bibi. "Mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Amekukosea nini hata umlaze na kaa?"

Nikakimbilia pale. "Bibi, hakuna ugomvi! Haya ni mapumziko."

"Mapumziko? Umechoka nini wewe, na kazi yako ni ya kukaa kitini?"

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Hata mbuzi wa mamako wana banda lenye mlango!"

Nikafungua kinywa nieleze habari za Uingereza, kisha nikauona uso wa mama. Akisema hakunifukuza, itajulikana kwamba mwanawe mwenyewe ndiye aliyekikataa kitanda chake. Majirani walikuwa wakingoja. Nilipaswa kulisema mimi. Nikanyamaza.

"Ni kweli, nilikasirika," akasema mama. "Hasira za uzee. Yameisha. Nileteeni maji."

Nikapiga magoti mchangani. Akayatia maji kinywani, akanipulizia kifuani, akasema, "Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera." Majirani wakaitikia amina. Yule bibi akanisukuma bega: "Haya, ingia ndani, mtu wa Ulaya, usituaibishe tena."

Walipoondoka, mke wangu aliniuliza, "Kwani mlikosana lini?" Nilikuwa naving'oa vigingi. Nikaendelea na kingine.

Siku zilizobaki tulilala chumbani. Godoro lilikuwa laini kuliko lolote nililolilalia ng'ambo, na kila nilipojigeuza nilisikia harufu ya udi. Mama aliuliza mara moja tu kama mgongo hauniumi kitandani, kana kwamba kosa lingeweza kuwa la godoro.

Mpaka alipokufa, kijijini walimtania kwa ukali wake: yule mama aliyemtupa nje mwanawe msomi siku za sikukuu. Hata mazishini mtu mmoja alilisimulia, watu wakatabasamu kidogo. Mama hakuwahi kuwasahihisha. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, karibu kabisa na msimuliaji, na siku hiyo pia sikusema neno.