Bosi Hajala

Asubuhi hiyo Mama Pasi aliposikia kimya kwenye kona ya chumba chake cha kazi, alijua kuna jambo. Siku zote, kabla pasi haijapata moto, Bosi alikuwa ameshapiga mateke mbao za kibanda chake akidai majani. Leo alijikunyata pembeni, mgongo umepinda, masikio ya baridi, macho nusu yamefumba. Majani ya jana yalikuwa pale pale. Na sakafu ya kibanda ilikuwa safi kabisa, bila choo hata chembe. Usafi ni jambo la heri, lakini kwa mtu anayefuga sungura ni habari mbaya.

Mama Pasi alikuwa dobi, na nguo za nusu ya mtaa zilipita mikononi mwake. Yeye hakumtaka sungura tangu mwanzo. Binti yake ndiye aliyemleta kwenye boksi la viatu alipohamia nyumba isiyo na ua. "Ni wa muda tu, mama," alisema, na kila mtu anajua jinsi vitu vya muda vinavyokaa. Mama Pasi akampa jina la Bosi, kwa kuwa alikula wa kwanza, hakufanya kazi yoyote, na ukimcheleweshea alinuna.

Kusema kweli, kazi moja aliifanya, tena iliyowashinda madaktari na ndugu wote waliokuja kutoa nasaha. Alimwinua mzee kitandani.

Mume wa Mama Pasi alikuwa mwashi. Alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu ulivunjika ukaungwa, ila moyo haukuungika. Alilala akiutazama ukuta. Akamwomba mkewe asimwite tena Fundi, jina alilomwita tangu siku za uchumba. "Fundi gani asiyeweza kupanda ngazi?" Basi akawa Baba Watoto, na watoto wenyewe walishahama zamani. Ndipo akaja Bosi, ambaye hakujali nani ameanguka wapi. Alitaka majani. Mama Pasi ana pasi mkononi, nani mwingine wa kwenda? Mzee akachukua fimbo na kisu, akachechemea hadi nyuma ya ua. Kesho yake akaenda tena. Damu zao zikapatana, hata mzee akaanza kumsimulia sungura habari za majengo aliyoyajenga.

Kwa hiyo Mama Pasi alipoyashika yale masikio ya baridi, hakumwogopea sungura peke yake. Alijiambia waziwazi: huyu akifa, mwingine anarudi ukutani, na safari hii sina wa kumtoa.

Alimfunga kwenye taulo akampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja aliyezoea ng'ombe na kuku.

"Mnamfuga wa kula?" aliuliza daktari.

"Kula anakula yeye, daktari. Sisi tunamtumikia tu."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka alipolibonyeza tumbo. "Limesimama. Sungura hatapiki, kikikwama kimekwama. Amekula nini?"

Mama Pasi hakujua. Alipewa dawa na bomba la sindano lisilo na sindano. Akaambiwa ampondee majani yawe kama uji, ampe kidogo kidogo, ampashe joto na kumsugua tumbo. "Akipata choo, mshukuru Mungu. Asipopata, mama, jiandaeni."

Nyumbani alimkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, uso umemshuka. Alipomweleza, mzee akainamisha kichwa.

"Ni wanga," alisema.

"Wanga gani?"

"Wako wa kukazia kola. Ukimaliza nguo, bakuli linabaki na uji chini. Anaupenda. Akiona bakuli anasimama kwa miguu miwili, mama, kama mtoto. Nilikuwa nampa alambe. Jana nilimpa wote."

Mama Pasi alitamani kufoka. Bakuli lile alilikuta limelambwa likang'aa mara nyingi, akafurahi kwamba mumewe siku hizi anaosha vyombo! Lakini aliutazama uso ule, akajizuia.

"Hukujua, Baba Watoto."

"Ninachokishika kinaharibika. Muuguze wewe." Akapandisha miguu kitandani, akageukia ukuta.

Mama Pasi akapiga moyo konde. Mgonjwa haulizwi uji, alisema, akamweka Bosi mapajani na kuingiza bomba pembeni mwa mdomo. Bosi mgonjwa alikuwa na nguvu kuliko wateja wengi wazima. Alipiga teke, uji wa majani ukaruka ukatua kwenye blauzi, kwenye kope, kila mahali isipokuwa kinywani. Akijaribu kumshika kwa mikono miwili, bomba halina mshikaji. Akishika bomba, Bosi yuko chini ya meza. Mvua nayo ilikuwa inanyesha, nguo hazikauki, na shehena ya mashati ya watu ilimngoja.

Mwishowe aliketi sakafuni akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyechoka na mambo mengi kwa wakati mmoja.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," aliuambia mlango wa chumbani. "Mimi nina mikono miwili tu, na huyu anataka minne. Kama unaogopa kwamba atafia mikononi mwako, basi bora afie mikononi mwa mtu anayempenda. Mimi ananijua kwa kumfukuza tu kwenye nguo!"

Kisha ikasikika fimbo.

Mzee aliketi kwenye kigoda karibu na meza ya kupigia pasi, akampokea Bosi bila kumtazama mkewe. Sungura alitulia palepale. Uji ukaingia, tone kwa tone, mdomo ukatafuna kivivu. Mzee akaanza kumsugua tumbo kwa kiganja chake kigumu, polepole, kwa mizunguko mipana, kama anavyosawazisha lipu ya ukuta ambayo bado ni mbichi. Mkono ule haukuwa umesahau chochote.

Mama Pasi akarudi kwenye pasi. Alipasha vitambaa vikuukuu, mzee akawa anamfunika Bosi navyo, kimoja kikipoa anavuta kingine. Alasiri ikasogea hivyo, pasi ikienda na kurudi, kiganja kikizunguka.

Mara mzee akapiga kelele. "Mama! Mama, njoo uone!"

Mama Pasi aliiacha pasi. Aligeuka akijua ameshamkosa.

Mzee alikuwa amenyoosha kidole mapajani. Pale, juu ya kitambaa cheupe, vilikuwa vimelala vipande vitatu vidogo vyeusi, vikavu, vibaya kuliko kawaida. Wakavitazama kama watu waliookota dhahabu.

"Amepata choo," alinong'ona mzee.

"Amepata choo!"

Kisha Mama Pasi akakitazama vizuri kile kitambaa. Kilikuwa na kola. Kilikuwa na vifungo. Mzee, katika kuvuta kilicho cha moto zaidi, alikuwa amevuta shati la mwalimu mkuu lililotoka kwenye pasi dakika hiyo hiyo.

"Lina wanga hili," alisema Mama Pasi kwa sauti ndogo.

Mzee akaangalia shati, akamwangalia Bosi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko yakawa machozi kweli, akamkumbatia sungura na shati pamoja. Bosi alijinasua, akajikokota hadi kwenye rundo la majani, akanusa, akang'ata ncha ya jani moja.

Mzee akashika fimbo, akasimama. Alilikunja shati, akaenda kuvuta beseni kutoka chini ya meza, akakunja mikono ya kanzu.

"Hilo doa linataka maji baridi kwanza, Fundi," alisema Mama Pasi. Lilimtoka kabla hajajua, akashika mdomo.

Mzee alikuwa ameshainamia beseni.

"Naam," aliitika. "Nimekusikia. Nipe sabuni."