Hesabu Iliyokomea Tisa

Kipaza hakupewa jina hilo na mama yake. Lilitoka kwenye banda la video alikokuwa akitafsiri filamu: mabenchi kumi na mawili, skrini ukutani, na feni moja yenye kelele nyingi kuliko upepo. Kazi yake ilikuwa hivi. Filamu inasema lugha ya huko ilikotoka, yeye amekaa pembeni na kipaza sauti, mkono wa kushoto uko kwenye kitufe cha sauti. Mtu akifungua mdomo kwenye skrini, Kipaza anashusha sauti ya filamu na kusema yeye. Bomu likilipuka, anapandisha, watu wapate raha yao. Na chumvi alitia, tena si ya kijiko. Jambazi akipiga chafya tu, Kipaza atakwambia anamlaani mama mkwe wake. Banda zima hoi, na nani angemuuliza?

Benchi la mbele, karibu kabisa na spika, alikaa dada yake. Dada alikuwa fundi cherehani mpaka mtoto wa jicho alipomwingia, macho yote mawili. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji miaka sita nyuma, likapata uchafu, likazima moja kwa moja. La kushoto likafifia polepole, mpaka likawa linatofautisha dirisha na ukuta, basi. Cherehani aliiacha, lakini vifungo bado alishona kwa vidole, na kifungo cha Dada hakitoki hata shati lenyewe lichanike. Kila Jumamosi mchana alikuja bandani na kopo lake la vifungo, akashona huku akiangalia filamu kupitia mdomo wa mdogo wake.

Sasa hospitali walisema jicho la kushoto nalo lingeweza kupasuliwa, ila lisicheleweshwe tena. Daktari hakuahidi kitu, alisema tu kwamba wakingoja zaidi hakutakuwa na la kujaribu. Dada akakataa katakata. Kipaza alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Wapi.

"Sehemu ya kwanza niliiona," Dada alimwambia. "Sehemu ya pili ya nini? Sehemu ya pili siku zote ni chai ya jana imepashwa moto."

Hapo alikuwa anasema mambo mawili kwa mpigo, kwa maana Dada alikuwa na msimamo mkali kuhusu filamu zinazoendelea. Alizichoka. Mabomu yanazidishwa mara mbili, shujaa ni yuleyule na koti lilelile, na jambazi aliyekufa anaibuka ana pacha. Filamu ikiisha hujui kwa nini walisumbuka kuitengeneza. Kipaza alipombishia, Dada akaweka sindano chini. Akasema haya, kuna filamu moja tu anayoisubiri, ile ya mashine. Sehemu yake ya pili ikija, na ikawa imeipita ya kwanza, basi Jumatatu yake ataenda hospitali kwa miguu yake. Ikiwa takataka, asisikie tena habari ya jicho.

Kati ya filamu zote duniani, Dada amechagua hiyo.

Tuliomzunguka tuliijua sote ile ya kwanza. Mji umechimbwa chini ya ardhi ya mwezi, hewa inaletwa kwa mabomba, na shujaa si askari bali ni fundi wa pampu. Fundi ana mdogo wake wa kike, na kuna mashine kubwa ya kuziba mabomba inayomfuata yule binti kila aendako bila kuitwa. Kipaza akaibatiza Shemeji, na mtaa mzima ukacheka hadi machozi. Mwishoni hewa inavuja, mlango wa chuma unafungwa, na Binti anabaki upande wa pili. Shemeji anaweka mkono wake mlangoni. Anasema maneno mawili. Halafu jina la filamu linapanda.

Maneno yale mawili ya lugha yao maana yake ilikuwa "sikumwokoa". Kipaza aliyajua, maana filamu aliiangalia jana yake peke yake. Lakini wiki ile ndiyo Dada alikuwa ametolewa bandeji na jicho la kulia limekuta giza. Alikuwa amekaa pale mbele ameinamisha kichwa, kopo la vifungo halijafunguliwa. Kipaza akashindwa kuyasema. Akashusha sauti ya filamu mpaka chini, akajaza mlango wote ule porojo, kwamba umetengenezwa na fundi mlevi na hauwezi kufunga vizuri, na Shemeji alipofungua mdomo akasema, "Nimemhifadhi." Banda likalipuka kwa shangwe. Dada akainua kichwa. Tangu siku hiyo, miaka sita, Dada alikuwa anamsubiri Binti atoke.

Diski ya sehemu ya pili ilifika Jumamosi ya onyesho lenyewe, saa nane mchana, watu wameshajaa mpaka dirishani. Hakukuwa na nafasi ya kuiangalia kwanza. Kipaza aliketi akiomba moyoni kwamba watu wa kule nao wawe waongo kama yeye, wamfufue yule mtoto kwa namna yoyote, hata pacha.

Ikaanza bila bomu. Dakika nzima ni fundi wa pampu anakunywa maji, kazeeka, peke yake mezani, na kiti cha pili kipo. Wenye haraka wakaanza kupiga miluzi. Kisha Shemeji akatokea, na banda likanyamaza, maana hakuja na silaha mpya wala rangi mpya. Mkono mmoja umekatika. Anaziba mabomba kama zamani, na fundi hataki hata kumtazama. Kipaza alizoea kutia chumvi, lakini siku hiyo kila alipotaka kuongeza neno alikuta hakuna pa kulitia. Alitafsiri vilevile ilivyo. Mapigano yalikuja, tena makubwa, mwezi unapasuka, watu wanakimbia na vitoto mgongoni, na kila bomu lilikuwa na mtu unayemwogopea. Nakwambia hata mwenye banda, ambaye huwa analala filamu nzima, alikuwa amesimama.

Halafu wakafika kwenye mlango. Mlango uleule. Watu wote waliobaki walikuwa nyuma yake, na ulikuwa haufunguki mpaka mtu ageuze vali kumi kwa mpangilio, gizani, bila kukosea. Fundi mikono imeungua. Shemeji akasogea, akashika vali ya kwanza. Na kifuani mwake ikatoka sauti ya mtoto.

Moja.

Kipaza aliijua ile sauti. Katika sehemu ya kwanza, nyuma ya mlango ule, Binti alikuwa anahesabu ili Shemeji ajue bado anapumua, na alikomea tisa. Ndiyo hesabu ambayo Kipaza aliizika chini ya porojo la fundi mlevi. Hakuna mtu bandani aliyewahi kuisikia. Waliotengeneza filamu waliichukua sekunde ile ndogo, ambayo mtu angeipita hivihivi, wakaijengea filamu nzima juu yake. Naye ndiye aliyeifuta.

Akabonyeza, picha ikasimama. Watu wakaguna, mmoja akatupa kofia. Angeweza kudanganya tena. Neno moja tu, kwamba Binti yu hai, lingetosha, Dada angeshangilia, na Jumatatu angeenda hospitali akiwa na furaha yake. Kipaza alilifikiria hilo, tena sana. Akatazama mkono wa mashine kwenye vali, akaona aibu mbele ya chuma.

"Ndugu zangu," akasema kwenye kipaza sauti, "sehemu ya kwanza niliwadanganya. Binti alikufa. Alikuwa anahesabu nyuma ya mlango, akafika tisa."

Hakuna aliyetukana, ingawa alitegemea matusi. Vifungo vilisikika vikimwagika sakafuni mbele. Akabonyeza tena filamu ikaendelea, akapandisha sauti mpaka mwisho, na akawa anafuata nyuma ya ile sauti ya mtoto taratibu: moja, mbili, tatu. Vali baada ya vali. Banda zima likawa linahesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Saba. Nane. Tisa. Hapo sauti ya mtoto ikakatika, na Shemeji akabaki ameshika vali ya mwisho, muda mrefu, mpaka ukataka kuingia kwenye skrini umsaidie. Kisha akasema mwenyewe, kwa sauti yake nzito ya bati: kumi.

Mlango ukafunguka.

Fundi akamwuliza ile sauti imekaa kifuani mwake tangu lini. Na Shemeji akajibu neno moja kwa lugha yao, Kipaza akalisikia, akalitafsiri kabla hajajua anasema nini. "Nimemhifadhi." Lilikuwa neno lake mwenyewe, la uongo, limezunguka miaka sita huko mbali kwa watu wasiomjua, likarudi likiwa kweli. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wanafuta macho kwa mashati, na baadhi ya mashati hayo vifungo vyake alishona Dada.

Banda lilipobaki tupu, Kipaza alipiga magoti akaanza kuokota vifungo. Dada alikuwa bado kwenye benchi lake.

"Ulinidanganya kwa sababu ya jicho."

"Ndiyo, Dada."

"Miaka sita namsubiri mtoto wa watu." Akanyoosha mkono apewe vifungo, akavihesabu kwa kidole, kimoja kimoja, akivirudisha kwenye kopo. "Mlango ulikuwa uleule? Huongezi?"

"Uleule. Hata kutu yake."

"Basi Jumatatu. Lakini huko usinipambie. Utaniambia ilivyo."

Akamwambia ilivyo. Jumatatu alimwambia ukuta wa hospitali umebanduka rangi, kitanda kina mguu mfupi, daktari si yule wa mwanzo na hacheki. Dada akauliza hacheki hata kidogo, Kipaza akasema hata kidogo. Dada akaguna, akasema afadhali, akajilaza.

Alipasuliwa mchana ule, na asubuhi ya pili yake nesi alianza kuifungua bandeji. Kipaza alisimama pembeni ya kitanda, mkono wa kushoto unatafuta kitufe ambacho hakipo, na kwa mazoea na kwa hofu akaanza kutafsiri chumba. Dada, hapa kuna dirisha, alisema. Kuna pazia la kijani, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Kuna nesi, ana miwani. Bandeji ikaisha. Yeye akaendelea, haraka zaidi, kwamba nje kuna baiskeli imeegemezwa, kwamba yeye mwenyewe amevaa shati la bluu na kifungo cha pili...

"Nyamaza kwanza," Dada akasema. "Naangalia."