Tutaketi Lini?

Mwanangu, tangu Jumapili ulipotoka hapa kwangu mtaa wa Saint-Josse sijatulia. Ulinionyesha ile simu yako, ukasema, "Shangazi, angalia programu ya kumtembeza Baba akija." Siku tano kisiwani Sardinia. Asubuhi minara ya mawe ya kale, mchana kijiji chenye michoro ukutani, jioni ufukweni. Kesho yake mapango, wachunga kondoo na jibini lao, ngoma za vinyago. Mimi nikainuka nikaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Ukadhani nimenuna kwa kuwa sikualikwa. Wivu gani, mwanangu! Kisiwa hicho nimekwisha kukizunguka, tena kwa mbio kubwa kuliko hizo zako. Leo nitakusimulia, na hiyo simu iweke kando.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Asubuhi nasafisha maofisi kule mtaa wa Forest, mchana nawaogesha wazee wa Kibelgiji majumbani mwao. Karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa zimetoka, na bibi yako, mama yangu, akapata viza ya kuja kunitembelea. Miaka tisa hatujaonana. Katikati ya miaka hiyo babu yako alifariki, nami sikuwepo kumzika.

Hapa nirudi nyuma kidogo, univumilie. Mimi niliondoka kwetu Buyenzi, pale Bujumbura, bila kumuaga babu yako. Nilimwambia vita vimenichosha, nataka kwenda. Akasema hapana, binti yake hatoki peke yake kwenda nchi za watu, na nikitoka nisitaje tena jina lake. Kila usiku alikuwa akifunga geti kwa kufuli, ufunguo anaulalia chini ya mto. Siku yenyewe niliamka kabla ya adhana, viatu mkononi, nimejiandaa kuruka ukuta. Nikakuta kufuli linaning'inia wazi. Nikajisemea, bahati yangu, leo mzee kasahau. Nikatoka mbio na sikutazama nyuma.

Basi, wiki moja kabla ya safari yake Mama alinipigia simu. Akaniambia, "Baba yako ameniachia neno lako. Kasema nisikwambie kwa simu wala njiani. Nikwambie tumeketi." Watu wetu unawajua. Neno la marehemu anaambiwa mtu aliyekaa chini, kanywa maji, katulia. Lakini mimi nilijua neno gani hilo. Nilijua mzee kafa akiwa kaninyima radhi yake, na Mama anakuja kuniletea habari hiyo. Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa nadondosha vitu kazini.

Bon, nikafanya nini? Nikakata tiketi za Sardinia! Nikawaambia mashoga zangu wa mtaa wa Matonge kwamba Mama anastahili kuona dunia kabla hajazeeka. Wakanisifu, mtoto mwema huyo. Uongo mtupu. Nilichotaka ni Mama asipate pa kukaa.

Nikamkimbiza mama wa watu. Siku ya kwanza nilimpandisha mnara wa mawe, ngazi nyembamba, yeye na kitenge chake na magoti yake. Tukashuka, moja kwa moja kwenye gari la kukodi, kijijini kutazama michoro. Akasimama mbele ya ukuta mmoja uliochorwa wanawake wanachota maji, akataka kuutazama vizuri. Nikamwambia, "Haya Mama, twende, mingine iko mbele." Kwenye gari alikuwa akinitazama mimi, hatazami milima. Akauliza, "Tutaketi lini, mwanangu?" Nikajibu, "Mama, bado kanisa la kale na bado ufukwe." Mama Mwislamu, nampeleka kanisani! Chakula tulikula tumesimama, mkate na jibini juu ya boneti. Jioni akiniita nilikuwa najifanya nimelala.

Siku ya pili hivyo hivyo. Akauliza tena tutaketi lini, nikamwambia kesho.

Siku ya tatu tukapita kijiji kimoja huko juu milimani. Uani kwa mtu kulikuwa na tanuri la kuni, na wanawake wanne watu wazima wamekaa kwenye vigoda wanasukuma unga, wanaoka ule mkate wao mkavu, mwembamba kama karatasi. Mmoja akatuona tumechungulia, akapigapiga kigoda kitupu kwa kiganja. Mama hakuuliza. Alivua viatu, akaosha mikono kwenye beseni, akaketi, akachukua donge la unga akaanza kulisukuma. Kifaransa hajui, Kitaliano ndiyo kabisa. Wakacheka naye utadhani wamekua mtaa mmoja.

Nami nimesimama hapo natazama saa. "Mama, boti ya kwenda pangoni inaondoka saa nane."

"Iende."

"Nafasi zetu nimeshazichukua, Mama!"

Akainua uso. "Mawe nimeyaona ya kutosha. Nimetoka Bujumbura kuja kukuona wewe, na wewe sikuoni. Kaa hapa."

Nilipandwa na hasira, na chini ya hasira hiyo woga mtupu. Nikageuka, nikaingia kwenye gari, nikaondoka. Ndiyo, mwanangu, nilimwacha mama yangu mlimani na watu asiowajua. Usinitazame hivyo. Nimeshajitazama mwenyewe hivyo miaka mingi.

Nikashuka mpaka bandarini, nikapanda boti, nikakaa kwenye benchi na miguu haitulii. Pembeni yangu mama mmoja wa Kifaransa akaniuliza kama nasafiri peke yangu. Nikamjibu, "Hapana, niko na mama yangu." Akageuka kushoto, akageuka kulia, akauliza, "Yuko wapi?"

Toba! Nilikuwa nimeondoka bila kuaga. Mara ya pili maishani mwangu, na safari hii hata ukuta wa kuruka haukuwepo. Kamba ya boti ilikuwa imeshafunguliwa. Niliruka, nikaanguka gatini, goti likachubuka mpaka leo alama ipo. Nahodha akanitukana kwa lugha yake na alikuwa na haki. Njia nzima ya kurudi mlimani, kona baada ya kona, nililia nikiomba nimkute.

Nilimkuta palepale, unga mpaka kwenye viwiko. Hakuinua hata uso. "Umerudi," alisema.

"Nimerudi, Mama. Nisamehe. Sikuaga."

Akaniashiria kigoda. Nikaketi. Yule mwenye nyumba akaniletea glasi ya maji, nikanywa. Mama akajifuta mikono polepole, akanishika vidole.

"Baba yako kasema hivi. Mwambie kufuli lile nililifungua mimi."

Sikuelewa.

"Alijua unaondoka," Mama akasema. "Aliamka kabla yako, akafungua, akarudi kulala akajifunika shuka gubigubi. Tukakusikiliza wote wawili mpaka hatua zako zikaisha. Kasema, kwa mdomo nilimkataza kwa sababu naogopa, kumfungia sikuweza. Radhi yangu alitoka nayo asubuhi ileile."

Mwanangu, nililia mbele ya wanawake wale wageni mpaka kamasi zikanitoka. Mmoja akaniwekea kipande cha mkate wa moto mapajani. Miaka tisa nilikuwa nakimbia habari njema. Na baba yangu kafa akijua kwamba mimi sijui, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Siku ya nne hatukwenda popote. Tulirudi uani kwa wale wanawake, Mama akawafundisha kupika chapati.

Sasa wewe. Najua uliacha chuo tangu mwaka jana. Usiniulize nani kaniambia. Baba yako, mdogo wangu, anadhani bado unasoma, na anawaambia hivyo watu wote Buyenzi. Nilipoitazama programu yako niliona haina hata saa moja ya kukaa. Ndiyo sababu niliosha vikombe visafi.

Nenda Sardinia, sikukatazi, kisiwa ni kizuri. Lakini siku ya kwanza futa kila kitu. Tafuta kivuli, mkalishe baba yako, mpe maji, kaa karibu naye, umwambie kwa mdomo wako. Akipaza sauti, usiinuke. Akinyamaza, usiinuke. Mkimaliza, hiyo minara mtaiona, haiendi popote. Mzazi akiomba mketi, mwanangu, keti siku hiyohiyo, kwa sababu baba yangu alilingoja neno langu mpaka akafa, hakulipata.

Na kumbuka yeye ni mtoto wa mzee yule. Pengine kufuli amekwisha kulifungua, anangoja tu akusikie. Mungu awapeleke salama, awarudishe salama, awape kikao chema kabla ya matembezi mema, na radhi ya baba yako uipate akiwa hai, kwa sauti yake mwenyewe. Amina.