Ng'ombe Wanne Ukutani

Sipendi kabisa kuisimulia hii aibu, ila Mwalimu Limi ameshaisambaza mpaka sokoni Buseresere, na anaongeza chumvi, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Siku ya kikao cha wazazi nilipewa kazi ya kuendesha projekta kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa kompyuta (wa kompyuta, jamani!), nikawahi nusu saa, na kwa sababu Jumamosi yake wakwe walikuwa wanakuja kwetu kupanga mahari, vidole vikaniwasha, nikafungua tovuti moja yenye kiprogramu cha kukadiria ng'ombe: unaweka umri, elimu, kimo na weupe wa ngozi (ndiyo, weupe, zama hizi!), kinakupa jibu. Likatokea kwa herufi nyekundu: KABULA, NG'OMBE WANNE. Kikalia mooo mara nne, kikaanza upya.

Wanne! Na shahada yangu!

Nikabonyeza alama ya kufunga. Kivinjari kikaniandikia, "Subiri, programu bado inaendelea." Nikasubiri, nikabonyeza tena, jibu lilelile, kitufe cha sauti nacho hakisikii, na wazazi wameanza kuingia, basi nikaziba lenzi ya projekta kwa daftari nikajifanya nakohoa kila ng'ombe akilia.

Ndipo akaingia mzee Mayunga, mjumbe wa bodi, baba mdogo wa Masanja mchumba wangu. Ningefanyaje? Nikapiga goti, "Shikamoo baba," na daftari likashuka pamoja nami.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu." Akavaa miwani, akausoma ukuta kwa sauti. "Wanne tu?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Jeni akadakia, "Mimi wa darasa la saba nilitolewa kumi na wawili!" (Eti ananitetea.)

Nikampigia fundi Hamisi, yuko Ibadakuli. "Mwalimu, unahangaika na kivinjari bure," akasema, "kinachogoma ni hicho kiprogramu kilicho ndani yake. Fungua orodha ya vinavyoendelea, tafuta palipoandikwa java, uiue hiyo kwanza." Nikaiua, kivinjari kikafunga hapohapo. Lakini nani alikuwa anajali tena?

Jumamosi mzee Mayunga akafungua mazungumzo: "Sisi tumekuja na wanne, maana kompyuta ya binti imeshatupa mwongozo."

"Kompyuta gani?" baba akauliza, na nikaitwa kutoka jikoni nieleze mbele ya koo mbili, kwa kinywa changu, jinsi nilivyojipima mwenyewe.

Walibishana mpaka wakafika kumi na mmoja, ndoa ipo, lakini hasira sijaimaliza: mtu amekaa chini akatengeneza kitu cha kumpima mwanamke kama gunia la pamba, halafu hata njia ya kutokea hakuweka! Na mimi, msomi mzima, nikajipeleka. Sirudii. Kompyuta ya shule sasa naifungulia mitihani tu, na projekta nimemwachia mwalimu wa Jiografia.